Aliyeita Mara Moja

Thika, 7 Februari 1954

Kwa dada Nyawira,
Salamu nyingi. Kile kifua kimepona? Mimi ni mzima hapa dukani kwa Himatlal, ila askari wanapita kila siku wakikamata watu. Wakija huko Ruiru kuniulizia, wewe fyata ulimi.
Ndugu yako, Ephantus

Ruiru, 21 Februari 1954

Ndugu yangu,
Salamu zimefika, na kifua kimepoa. Tunapogoa mibuni ya mzungu. Mbwa namjua anavyofyata mkia. Mtu naye hufyataje ulimi? Ungesema ninyamaze, bwana wa mjini.
Dada yako, Nyawira

Thika, 7 Machi 1954

Dada mpendwa,
Hujambo? Umenichekesha. Kunyamaza hata asiye na neno hunyamaza. Anayefyata ulimi neno analo, liko mdomoni, ila woga umelizuia. Ni kama alivyotufunza Maitu, mama yetu: ukiitwa gizani, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu, kwa kuwa wafu huita mara moja tu.
Jana jina langu lilitajwa kwa askari. Nikipata njia nitakuja unifiche.
Ndugu yako, Ephantus

Ruiru, 21 Machi 1954

Ndugu yangu,
Hujambo? Nijibu hilo kwanza.
Jumanne, kafyu ilipoanza, mtu aliniita kutoka mibunini: "Nyawira." Sauti ilikuwa yako. Nilishika komeo nikangoja ya pili. Jina lako lilikuwa mdomoni, nikafyata ulimi. Nilisikia buti zikipita, halafu mbwa, basi. Asubuhi nilikuta majani yamelala pale mtu alipochutama.
Naogopa. Niandikie kwamba uko Thika.
Dada yako, Nyawira

Ruiru, 4 Julai 1954

Ephantus, ndugu yangu,
Nakusalimu popote ulipo. Himatlal amenijulisha kwamba hujaonekana dukani tangu Jumanne ile.
Kanuni ya Maitu uliijua. Ungeita mara tatu. Lakini buti ulizisikia kabla yangu, ukafyata ulimi huko nje, nami nikafyata wangu ndani. Mlango wenyewe ni wa mabati tu.
Kila jioni nasikia jina langu, mara moja. Jirani yangu Wakonyo ananionya kwamba ukimwitikia mfu anakuchukua. Jana sikungoja. Nilifungua mlango nikasema, "Naam, ingia." Hakuna aliyeingia.
Leo pia nitafungua. Kama u hai, ita tena. Kama sivyo, mara moja yatosha.
Dada yako, Nyawira