Sindano Zisizoshona

Dada yangu,

Sisi hatujambo, cherehani tu ndiyo inayokohoa. Sikukuandikia mapema, kwa kuogopa kilio chako, kwamba mbwa wako Meja aliishiwa nguvu miguu ya nyuma, na daktari wa mifugo alikwishataja siku ya kumlaza usingizi wa milele. Nikamwomba tujaribu kwanza lolote lililobaki.

Akamleta mwenzake, mama anayetibu kwa sindano za Kichina, nyembamba kama unywele. Akamchoma Meja kumi na nne mgongoni, akaniachia unga wa mizizi wa kutia kwenye chakula, na kuniagiza vidonge vya daktari nisiviache.

“Mama, nimeshika sindano miaka thelathini,” nikamwambia. “Hizo hazina hata tundu la uzi!”

“Basi leo, fundi, kaa utazame.”

Meja akakoroma. Mama akawa anarudi kila siku kumchoma tena. Siku ya sita, zilipochomolewa, alisimama akitetemeka, akavuka chumba mpaka kwenye ndoo ya maji.

Yule mama hakujigamba. Alisema miguu imerudi, ila uzee haujaondoka. Kwa hiyo usingoje likizo. Njoo angali anaweza kukukimbilia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi