Safi, Mama Chebet

Jumatatu, 9 Machi
Yide Lu tena, mtaa wa maduka ya jumla ya Wachina. Kalamu za rangi, vifutio, magari ya betri. Miguu imevimba. Duka moja lina vinanda vya mdomo vya plastiki, vya watoto. Nikapuliza kimoja, kikalia kama mbuzi. Marehemu Baba Chebet angecheka mpaka machozi. Sikununua.

Kaseti yake imo mkobani. Ni hiyo moja tu iliyobaki: yeye na kinanda chake cha mdomo, nyimbo sita za bluzi na kantri, alizojirekodi sebuleni kwetu Nakuru. Redio za nyumbani zinautafuna utepe. Kesho kwa fundi, aniwekee kwenye simu.

Jumanne, 10 Machi
Fundi yuko Huanshi Zhonglu, ghorofa ya tatu. Mzee mpole. Kichina changu ni cha kuulizia bei tu, kwa hiyo nilisema na simu ikatafsiri: "Nataka isikike safi." Akasoma, akatabasamu.

Nyimbo zenyewe hata sizitaki sana. Nataka pale kabla ya wimbo wa mwisho. Hapo nimemletea Baba Chebet chai. Anavuta pumzi, anakohoa kidogo, anasema, "Safi, Mama Chebet." Miaka minne tangu tumzike, na sauti yake haipo mahali pengine popote.

Alhamisi, 12 Machi
Soko la Shiling, kununua mikoba. Vumbi na kelele. Kesho naichukua kaseti. Sina njaa kwa furaha.

Ijumaa, 13 Machi
Nimekwisha.

Kinanda kinasikika vizuri ajabu. Lakini pumzi hazipo. Kikohozi hakipo. Kabla ya wimbo wa mwisho, kimya. Fundi amefuta kila kisicho muziki, na alikuwa anajivunia kazi yake, maskini. Nikamwambia, laoban, bosi wangu, nipe ile ya kwanza, hata ikiwa chafu. "Mei you." Hakuna. Utepe wenyewe ulikuwa umeoza, ukakatika akiurudisha nyuma. Alikuwa ameuweka kwenye kifuko cha plastiki, vipande vipande.

Nikalia mbele yake bila aibu. Akaandika kwenye simu yangu: "Si ulisema nisafishe?"

Safi. Lilikuwa neno lake, Baba Chebet, la chai, la mvua, la kila kitu. Nami nimemfuta kwa neno hilohilo. Namchukia fundi, na najua hana kosa.

Jumapili, 15 Machi
Sikwenda kanisani. Chebet amepiga simu kuuliza kama baba yake ametoka vizuri. Nikamwambia ametoka safi. Nikakata simu haraka.

Jumatatu, 16 Machi
Mvua. Mizigo imefungwa. Nimesikiliza nyimbo zote sita, nimekaa kitandani na chai yangu.

Kinanda kile hakilii kwa kupuliza tu. Sauti nyingine hutoka ukivuta pumzi ndani. Yeye ndiye aliyenionyesha. Pumzi hizo fundi hakuzigusa.

Kisha pakafika pale pa chai yake. Kimya. Kirefu kuliko nilivyokumbuka.

Nikasema, "Kunywa kabla haijapoa."

Wimbo wa mwisho ukaanza.