Mukono Wangu Uliwaka

Kolwezi, Jumanne

Tata Noëlla, bwana yangu,

Salamu zikukute huko Tenke ku kazi. Batoto wako wazima, Noëlla amepasi examen. Mahindi nyuma ya nyumba yameanza kuota.

Jana nilienda ku dispensaire. Wameleta mashine mupya: unaweka mukono juu yake, inamulika ngozi, na ngozi yenyewe inarudisha mwangaza. Hakuna sindano, hakuna damu. Mutu muzima ngozi yake inawaka kidogo tu. Mwenye sukari ao ugonjwa wa ndani, inawaka zaidi.

Infirmière, muuguzi wa ile mashine, akaita, "Mama Noëlla!" Nikasimama. Akaangalia daftari yake. "Aa, mama, Mama Noëlla alishapita Ijumaa na bwana yake. Binti mumoja mwembamba. Alijipaka mafuta mengi, mashine ikakataa, mpaka nikamupangusa mukono."

Ijumaa uliniambia hakuna usafiri wa kufika Kolwezi.

Donatien, kama ni wewe tu alichukua, ningenyamaza. Lakini jina la mutoto mwenye walinipasua tumbo ju ya kumuzaa, yeye anajifunga nalo kama kikwembe changu?

Sikulia mbele ya watu. Nilimudanganya, "Ule ni mudogo wangu." Nikaweka mukono, halafu nikauliza namba yenye mashine ilimupa ule binti.

"Yake ni muzuri, iko chini. Yako, mama, imepanda sana. Urudi haraka, na usije peke yako."

Wewe ulimuona anang'aa kunipita, lakini umuambie: ku ile mashine, ni mi nilimushinda kuwaka.

Mama Noëlla, mwenye alimuzaa