Gitaa Langu Linaliza Watu, na Jumamosi Mdogo Wangu Anaolewa

Mpendwa mshauri,

Nipokee mzigo huu maana peke yangu umenishinda, na nikueleze mapema kwamba sina ugomvi na mtu, ila Jumamosi hii mdogo wangu wa kike anaolewa na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupiga gitaa peke yangu harusi nzima, kuanzia anapoingia ukumbini mpaka watu wamalize kula, kwa sababu bendi iliyoahidi kuja imevunjika, mwimbaji na mpiga ngoma hawasemeshani, na mwingine wa kupatikana kwa haraka hivi hakuna.

Utasema si upige tu, wewe kaka wa bibi harusi. Ngoja kwanza. Mchana mimi natengeneza feni na pasi, lakini mtaa mzima unanijua kwa jina la Buriani, kwa sababu gitaa langu ni la misibani. Nilianza siku tuliyomzika mama, nikiwa kijana na mdogo wangu bado yuko shule ya msingi, mtu wa kupiga akakosekana nikajitolea mwenyewe, na tangu siku hiyo mtu akifariki wananiita, nami nakwenda, nasimama pembeni ya kaburi napiga taratibu, watu wanalia mpaka wanapoa. Wengine huniambia bila gitaa langu machozi yangewakwama. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini mshauri, miaka yote hii sijapiga kwenye harusi hata moja, hakuna aliyewahi kuniita, na kusema kweli nikipita sokoni na gitaa begani watu huulizana nani katutoka.

Nimejiandaa, si kwamba nimekaa tu. Nimetafuta nyimbo za furaha, nimezisikiliza kwenye simu huku nafungua feni za watu, nimenunua nyuzi mpya, nimefunga mlango nikaanza. Naanza vizuri, kidole gumba kinakimbia kwenye besi, halafu bila mimi kujua mwendo unapungua, unapungua, nikija kushtuka niko makaburini. Juzi jioni nikiwa katikati ya wimbo ambao mimi nilidhani ni wa kuchezesha kabisa, mama wa chumba cha pili akagonga mlango, uso umemshuka, akaniambia, "Pole baba, nani tena?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, hii ni harusi. Akanitazama weee, kisha akauliza, "Harusi ya nani, maskini?"

Mama mdogo, ambaye ndiye anayesimamia shughuli yote, alipopata habari alinipigia simu akasema, "Mwanangu nakupenda, lakini matanga tulishaanua, usije ukatuwekea mengine ukumbini. Wakwe watatuonaje?" Mimi nilikuwa tayari kukubali yaishe, ila mdogo wangu kakataa katakata, anasema bila kaka yake haingii ndani ya huo ukumbi.

Sasa kilichonimaliza ni cha jana. Alikuja kwangu akitoka kazini, akakaa kwenye kigoda, nikampigia wimbo wa kuingilia. Alisikiliza ameinama. Nilipomaliza akasema, "Kaka, kile kiti cha mama wa bibi harusi pale mbele ukumbini, tukiondoe au tukiache? Mimi sijui." Nikamwambia mambo ya viti amuulize mama mdogo, nikaendelea kukaza uzi uliokuwa umelegea. Kuinua kichwa, machozi yanamtiririka. Akajifuta, akasema anamuwahi fundi wa gauni, akaondoka.

Mshauri, kama bibi harusi mwenyewe nimemliza kabla ya siku, ukumbini itakuwaje? Nijifanye naumwa, watafute yeyote apige hata kinanda? Au nipige nimharibie siku yake? Huyu mtoto nimemlea mimi, nywele za shule nilimsuka mimi, vibaya, lakini nilimsuka. Sina mwingine. Naogopa.

Ni mimi, Buriani

*

Ndugu yangu Buriani,

Barua yako nimeipitisha mbele ya wenzako walioandika zamani, wanisamehe, Jumamosi haitungoji. Kwanza pole. Nilicheka nilipofika kwa yule jirani, kisha nikasoma ya jana na kicheko kikaniishia.

Sasa nikuulize, na usinikasirikie. Mtoto uliyemlea anakuja kwako siku chache kabla hajaolewa, anakuuliza kiti cha mama kifanyweje, wewe unakaza uzi? Unamtuma kwa mama mdogo? Ebo! Mama mdogo ana viti vya ukumbi mzima vya kupanga, huyo hakuja kuuliza habari za viti. Wewe unalijua hilo, ndiyo maana uliinama.

Halafu unaniambia gitaa limemliza. Gitaa gani! Bibi harusi asiye na mama analia hata akiona sufuria. Alikuwa na maneno kooni, kayabeba mpaka kwako kwa sababu hana pengine pa kuyapeleka, na wewe hukuyapokea. Hapo ulikosea, na ni vizuri ulijue leo.

Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta kitu kimoja. Wafiwa wamelia, mdogo wako kalia, jirani nusura alie. Wewe ulilia lini? Siku ya mama ulishika gitaa, na mwenye kazi mikononi halii. Tangu hapo umewazika wa watu, msiba baada ya msiba, wako ukaukalia. Nadhani, na nikikosea unisahihishe, kinachouvuta mkono wako kila ukianza wimbo wa furaha ni mama yako. Hujamlilia, baba. Pole sana.

Kwa hiyo habari ya kujifanya unaumwa sitaki kuisikia, nitakuja kukutoa kitandani mwenyewe. Leo hii, usingoje kesho, nenda kwa mdogo wako. Gitaa libaki nyumbani, na usiende na kitu kingine chochote cha kushikashika. Mwambie, "Uliniuliza juu ya kiti cha mama, nikakimbia." Kisha nyamaza. Atalia, na wewe utalia, na mtakapomaliza mtakuwa na njaa, kuleni. Kuhusu kiti mtaamua wenyewe, ila ningekuwa nyinyi nisingekiondoa wala nisingekiacha kitupu. Mpiga gitaa anahitaji mahali pa kukaa.

Nyimbo mpya achana nazo, kwa muda uliobaki utajiaibisha bure. Kumbushaneni na mdogo wako mama alikuwa akiimba nini akifua, akipika, akiwa amefurahi, maana mama yenu alikuwa mtu kabla ya kuwa marehemu. Hizo unazo tangu utoto. Chache zinatosha, zirudie, wanaokula hawahesabu. Vaa viatu vya soli ngumu upige mguu sakafuni kwa nguvu, mkono ukitaka kulegea usikie mguu na uufuate. Mama mdogo mpigie simu kwa adabu, umwambie utapiga. Unampa taarifa tu, ruhusa alishatoa bibi harusi.

Na atakapoingia, acha kuangalia nyuzi. Unawapigia wanaoondoka tangu ujana wako, hakuna hata mmoja aliyekugeukia akakutazama. Huyu atakuwa anakuja upande wako kwa miguu yake, anakutafuta kwa macho. Muangalie.

Mshauri wako