Rehema Amekwenda kwa Mjomba Wake

Mgeta, 9 Agosti 1994

Mama Rehema,

Leo kaka yako amemchukua binti yetu akaishi naye Msamvu. "Shemeji, utamleaje peke yako? Hata ugali wako una mabuja ya unga mbichi," akaniambia.

"Bado namfundisha, mjomba," Rehema akajibu.

Tukacheka wote, nami nikashindwa kusema abaki. Kwetu Singida mtoto ni wa baba. Hapa ni wa ukoo wenu, kama shamba hili ninalolima tangu kiwanda kilipotupunguza kazini. Nikimkatalia, nitakaa wapi?

Nilimfunga vifungo vya sweta, nikampandisha kwenye lori la kabichi. Hakulia. Angelia kidogo, labda ninge...

Tangu tukuzike sijawahi kula peke yangu. Leo sikuwasha moto.

Ukimjia ndotoni, mkumbushe kwamba ana baba.