Mechi ya Tarehe Kumi na Nane

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Nimeamua. Naunda kompyuta yangu mwenyewe. Ya gemu! Si ya "kusoma online" kama nilivyomdanganya Kavindu, mwenzangu wa kazi pale kliniki. Ya kupiga watu risasi nikiwa nimejifunga leso na miguu iko juu ya stuli.

Miaka miwili sasa nacheza kwa Ramzi, kwenye duka lake la gemu nyuma ya msikiti, nimebanwa katikati ya vijana wa form two wanaonuka soksi. Mimi Wanza, mwanamke mzima wa miaka ishirini na tisa, ninayepokea wagonjwa wa daktari wa meno. Leo mmoja wao ameniita auntie, halafu akaniua kwa kisu. Kwa kisu! Imetosha.

Ramzi anasema nisinunue mashine iliyoundwa tayari. Ndani huwa wamejaza takataka, eti ni kama sambusa ya stendi. Nichague kila kipande mwenyewe, yeye atanionyesha jinsi ya kuunganisha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kazini leo sikufanya kazi. Nimeshinda nikilinganisha kadi za picha. Kadi ya picha ndiyo roho ya mashine ya gemu: ndiyo inayochora kila kitu kwenye skrini, na ndiyo inayopata moto kama jiko la makaa. Mgonjwa mmoja amesimama mbele yangu ameshika shavu dakika kumi nzima. Nikamwambia system iko slow.

Jioni nikapitia kwa Ramzi na orodha yangu. Prosesa ya viini sita: akakubali. Memori nilitaka giga sitini na nne, akaniuliza kama nafungua benki. Tukashuka hadi kumi na sita. Kwenye pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani, akanifokea kabisa. Nilikuwa nimechagua ile ya bei ya nyanya, na akasema stima ya mtaa wetu ikirudi kwa kishindo, hiyo itaungua na iondoke na wenzake wote.

"Hapo usibane, Wanza. Bana kwa taa."

Lakini taa ndizo ninazotaka! Sanduku la kioo, ubavu mzima kioo, feni tatu zinazowaka rangi zote. Bila kioo nani atajua kuna nini ndani? Nimeitazama ile picha leo mara ngapi sijui. Hata wanaume sijawahi kuwatazama hivyo.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeenda nyumbani Wamunyu. Kosa langu: kumwonyesha Baba picha ya lile sanduku.

Baba ni mchongaji, miaka arobaini sasa. Akaishika simu, akaisogeza mbali, akaivuta karibu. Akauliza hili ni la nini. Nikasema ni la kuwekea vyombo vya kompyuta. La bati? Bati na kioo, Baba. Limetoka wapi? China. Akaiweka simu mezani polepole sana.

"Asi! Mwaitu." Ananiita hivyo, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ananiita mama, lakini hakuna siku amenitii. "Mimi niko na patasi, niko na mikono, na wewe unaenda kununua sanduku ya bati?"

Mungu wangu. Nikaona twiga. Nikaona tembo watatu wakifuatana ubavuni mwa mashine yangu, na Mmasai na mkuki wake pale penye feni. Lakini Baba haambiwi hapana. Mimi sijawahi, na Mama alijaribu miaka thelathini akachoka.

Ndipo nikatumia akili. Wamunyu yote inajua Baba na mti mkavu. Gogo likikatwa analifukia kwenye maranda ya mbao miezi na miezi, haligusi. Wanaochonga mti mbichi ili wauze haraka huwaita wezi, tena mbele ya wake zao. "Mti mbichi unasema uongo," ndiyo mahubiri yake. Basi nikamwambia: Baba, ningefurahi sana, sana! Ila nalihitaji Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Kuna mechi kubwa. Mashindano. Saa nane mchana. Nikikosa mashine siku hiyo wananitoa kwenye timu.

Hakuna mechi. Hakuna timu. Tarehe kumi na nane nilikuwa nimepanga kufua mapazia.

Akahesabu kwa vidole. Wiki mbili, akasema. Wiki mbili, nikasema, na sura nikaikunja kama niko matangani. Akarudia chai yake. Nimeshinda! Nimerudi Machakos nikiimba.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeagiza sanduku la kioo. Dhambi ndogo, feni tatu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kadi ya picha imepatikana Syokimau, kwa jamaa anayeuza ya zamani ili anunue kubwa zaidi. Anaapa alikuwa akiitumia Jumapili peke yake. Kama gari la pasta! Nikamwambia aiwashe niione ikifanya kazi nusu saa nzima, nami nikakaa kwenye kochi lake nikala njugu zake. Haikukwama. Nimerudi nayo mapajani, nimeifunika sweta. Mama mmoja kwenye gari akaniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Jumamosi, 11 Oktoba

IMEWAKA!

Ramzi alikuja asubuhi na bisibisi zake. Yeye anaelekeza, mimi nafunga. Nilipopachika prosesa nilisikia kitu kikilia kra, nikajua nimeua. Ramzi akasema ndivyo inavyolia. Tukamaliza saa saba. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikamwita Mungu, nikamtukana yule wa Syokimau na ukoo wake. Kumbe swichi ya pawa saplai kule nyuma imezimwa.

Nyekundu, kijani, zambarau! Chumba changu kimoja cha Kariobangi, hapa Machakos, kinafanana na baa. Nimecheza mpaka Ramzi akaaga na sikumsikia. Leo nimeua watu arobaini na mmoja na hakuna aliyeniita auntie. Nina furaha ya kijinga kabisa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepitia kwa Ramzi kumrudishia bisibisi. Ananitazama vibaya. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena, akaanza kufuta skrini ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baba amepiga saa sita. "Mwaitu, sanduku imekwisha. Kesho naileta mwenyewe, nione hiyo mechi."

Nikasema, mechi gani? Karibu nijimalize. Nikakohoa, nikasema karibu sana Baba.

Nikaondoka kliniki na kumwachia Kavindu wagonjwa sita, mbio kwa Ramzi. Ramzi akainua mikono kabla sijafungua mdomo. Kumbe mzee alifika dukani Jumanne hii asubuhi, kabla sijarudisha bisibisi! Alikaa saa mbili. Alipima mashine ya dukani kila mahali kwa kamba yenye mafundo, kadi inafika wapi, waya zinapita wapi. Aliuliza hewa ya moto inatokea upande gani, akachora kwenye bahasha ya kanisa. Kisha akamkataza Ramzi asiniambie, eti nisipoteze mawazo kabla ya mechi.

Na ulimwambia nini kuhusu mechi?

"Aliniuliza kama ni kubwa. Nikamwambia mimi ni mtu wa duka tu, hayo ni ya kwenu. Wanza, nakuheshimu, lakini usiniingize kwenye uongo wa kumdanganya mzee wa watu."

Nimefungua mashine yote. Kipande kwa kipande, kila kitu nimekipanga kitandani juu ya gazeti. Sanduku la kioo liko mvunguni, nimelifunika na yale mapazia machafu. Screw moja imepotea. Ningesema ukweli leo kwenye simu, ingekuwa dakika mbili za aibu. Lakini sauti yake! Alikuwa na haraka ya furaha, nikashindwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Saa saba na nusu mchana. Baba ameketi kwenye kiti cha plastiki, hatua mbili kutoka hapa. Naandika nikijifanya napanga mbinu za mechi. Amesema niandike tu, yeye hana shida.

Alifika saa nne. Koti la harusi za watu, kofia, viatu vimepigwa rangi. Sanduku alilibeba mwenyewe kutoka stendi, limefungwa blanketi, makondakta walipotaka kumsaidia akawakatalia. Akalifungua juu ya meza yangu.

Hakuna twiga. Hakuna tembo hata mmoja.

Ni mwarobaini, umelainishwa mpaka unataka kuupapasa. Kona zake ni za mviringo. Na matundu ya hewa, yale aliyomuuliza Ramzi, ameyatoboa madogo madogo, mstari kwa mstari, kwa mchoro wa kikapu cha kiondo, ule wa bibi yangu Wanza ambao hakuna mtu anausuka tena. Upande wa feni matundu yanapanuka ili hewa ipite. Kadi ya Syokimau imeingia kama imezaliwa humo. Baba alinishikia tochi nikifunga. Nimewahi kuonea sanduku hili aibu kabla halijakuwepo. Leo najionea mimi mwenyewe.

Saa sita tukaiwasha. Taa zimepenya kwenye yale matundu, ukuta wangu wote ukawa kiondo cha rangi. Baba alicheka kwa sauti. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Mama. Nikafungua gemu nimwonyeshe, kadi ikaanza kupata moto, na chumba kikajaa harufu chungu ya mwarobaini.

Harufu hiyo ningeielewa mapema. Mtoto wa mchongaji mimi! Mti mkavu haunuki hivyo.

Ta!

Nikafikiri ni pawa saplai. Baba hakufikiri chochote, alikuwa amekwisha kuinuka. Akaweka kiganja juu ya sanduku, akainamisha sikio. Ufa umeanzia kona ya juu hadi tundu la kwanza la kiondo. Mwembamba. Tukautazama ukiingia la pili.

Nikasema nizime. Akasema usizime, mechi yako iko karibu. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kichupa cha gundi na karatasi iliyokunjwa yenye vumbi la mbao. Alikuja navyo kutoka nyumbani. Alijua.

Alikuwa akiujaza ule ufa kwa ncha ya kisu, hanitazami. Akasema mti aliukata Jumatatu ile ile, siku moja baada ya mimi kuondoka. Aliukausha juani, halafu juu ya moto, usiku na mchana. Wenzake karakanani walimcheka. Mutiso, ambaye Baba alimwita mwizi mwaka juzi kwa ajili ya mti mbichi, alikuja kusimama mlangoni kumtazama akichonga mti mbichi. "Wacha wacheke," akasema. "Jumamosi ni Jumamosi. Mtoto atolewe kwa timu juu ya sanduku?"

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamuuliza kama anataka chai.

Ta! Nyingine, upande wa nyuma. Anaijaza.

Saa nane kasoro kumi. Mutiso amepiga simu ya video. Baba ameipokea kwa kuigeuza juu chini, kisha akaiegemeza kwenye thermos. Karakana nzima iko pale, wazee saba au wanane, wamekalia magogo. Mmoja ameuliza ni timu gani na gani. Baba amewaambia wanyamaze, mtoto anajiandaa. Mutiso akasema kwa Kikamba ngoja tuone hiyo mechi iliyomfanya fundi akate mti mbichi. Wote wakacheka, hata Baba, lakini yeye shingo imemwiva kwa aibu.

Nikimwambia sasa, wanasikia wote. Nisipomwambia, saa nane inafika na hakuna anayekuja. Ningeweza kuingia kucheza na watu wowote mtandaoni na kuiita mechi. Ningeweza hata kushinda! Halafu atarudi nyumbani na kombe gani?

Saa nane kasoro dakika mbili. Ameweka gundi chini. Amepangusa mikono kwa leso, akavua kofia, na kule kwenye simu nao wanavua zao. Anasema jambo kubwa halianzwi hivi hivi, tuombe kwanza. Nikamwambia haya, Baba, tuombee. Amekataa. Mashindano ni yangu, anasema, kwa hivyo niombe mimi, nimwambie Mungu mwenyewe hiyo mechi ni ipi na tunacheza na nani.

Amefumba macho. Anangoja nianze.