Nipone Siku ya Ngapi?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiitoa barua hii gazetini usitaje mtaa wetu, maana hapa gazeti moja husomwa na nyumba kumi. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, shule niliishia darasa la nne kwa hiyo unisamehe mwandiko, lakini akili ya kutafutia wanangu chakula Mungu hakuninyima, na akili hiyo ndiyo iliyoniponza.

Wiki iliyopita redio ilisema virusi vimefika, watu wakakimbilia dukani kana kwamba virusi vinaogopa unga, na mimi nikakimbia, maana ukiona wenzako wanakimbia hukai ukauliza. Mwenye duka letu, tunamwita Mizani, alikuwa amechora miduara ya chaki chini, kila mtu na duara lake, mimi nikaangukia la sita, na mbele yangu kwenye la tano alisimama bibi wa chumba cha kona, mzee wa kutembelea fimbo anayeishi peke yake. Mizani akapaza sauti, "Jamani, unga umebaki pakiti mbili na sabuni mche mmoja, msije mkanilaumu!" Mshauri, sijui nilipandwa na nini, niliwaona wanangu wanalia njaa, ingawa asubuhi ile walikuwa wamekula wakabakiza, nikakohoa. Kikohozi cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kujaribu tu, nikaona mtu wa duara la nne ameruka, basi cha pili nikakitoa tumboni, cha tatu nikashika kifua, na kabla sijafika cha nne dukani palikuwa peupe, hata mlinzi wa mlangoni amekimbia akaacha kiatu kimoja, na yule bibi sikujua fimbo ile ina mbio vile. Mizani akanisukumia pakiti zote mbili na sabuni kwa mpini wa ufagio. "Chukua mama, chukua uende! Hela tumbukiza kwenye ndoo!"

Nikarudi nyumbani nimeshinda vita. Mume wangu alikuta habari njiani, akaingia na sufuria na majani, na tangu siku ile ananifunika blanketi ananifukiza asubuhi, mchana na jioni, mimi niliyeingia humo mzima kama chuma natoka macho mekundu, miguu inatetemeka, naye akiniona hivyo anageukia ukutani kulia akidhani simwoni. Majirani wanaacha vitu mlangoni, wanagonga halafu wanatoka nduki, malimau, mkaa, sabuni, hata yule wa juu ambaye hatusalimiani kaleta mchele, sasa stoo yangu imejaa kuliko ya Mizani na sijapanga foleni tena. Na juzi bibi wa kona alikuja, akaweka kikaratasi kizingitini, akarudi nyuma na kuniambia kwa mbali, "Pole mwanangu, kula upate nguvu, mimi sina meno ya kula sana." Nimefungua, unga kikombe kimoja, una wadudu. Mshauri, ule ni unga wa chini ya debe. Sijaupika, sijautupa, uko juu ya kabati unaniangalia.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kitinda mimba wangu wa miaka sita, alikuwa amekwenda kwa wifi yangu siku mbili tu, sasa wifi kamzuia. "Harudi humo mpaka upone, na usipopona nitamlea." Wifi huyu ananitafutia neno tangu siku ya harusi, nikimwambia ukweli atasema mwongo halei mtoto, na hatanipa. Jana wamenipa mtoto kwenye simu, akaniuliza, "Mama, unakufa lini? Shangazi anasema nikuombee."

Nikipona ghafla watashuku, nikiendelea kuumwa mwanangu sina. Nakuuliza hili tu: mgonjwa mwenye heshima anapona siku ya ngapi? Na kikohozi nikipunguze kidogo kidogo, au nikiache mara moja?

Ni mimi, mzima wa afya.

JIBU

Mama, ulipona ulipovuka mlango wa duka. Tangu hapo unaugua maradhi mengine, na hayo hayaishi kwa kuhesabu siku.

Pole kwa mvuke. Pole pia kwa hofu, kwani mama aliyesikia redio ile akabaki ametulia sijamwona bado. Ila hofu yako ilikuwa na miguu ya kuwakanyaga wengine. Na hujaona kubwa zaidi: kesho mtu atakohoa kweli kwenye miduara ile, na watakaokuwa wameushuku ujanja wako watasema, "Huyo anataka unga," wamsogelee. Hapo utakuwa umeua mtu kwa pakiti mbili.

Wifi yako usimguse. Katika barua yako nzima ndiye aliyemkinga mtoto inavyotakiwa.

Sasa sikiliza. Leo, sufuria ikiingia, mwambie mumeo kabla hajashika blanketi. Atakasirika, afadhali hasira kuliko yale machozi ya ukutani. Kisha pakiti moja ipeleke kwa bibi wa kona, nzima, haijafunguliwa, na umweleze kwa mdomo wako, usimtume mtu. Unga wake ulio juu ya kabati upepete, uupike, uumalize. Ni adhabu yako, na ni zawadi pia. Vya majirani rudisha mlango kwa mlango, kwa mchana, sio kunyemelea. Yule wa juu msalimie.

Wifi mpigie simu wewe. Atatukana, mwache mpaka achoke, usijibu hata neno. Kisha omba simu apewe mtoto, maana amekuuliza swali la kweli na hajajibiwa. Mwambie, "Mama hafi. Mama alidanganya, na anakuja kukuchukua." Wifi akikataa, keti mlangoni pake mpaka akubali. Mwongo aliyetubu bado ni mama.

Na siku utakayorudi dukani, simama duara la mwisho. Koo likikuwasha, meza mate.